Siku Tano au Wiki Tano: Chaguo la Mgawa Maji wa Bombo

Kwa karibu mwaka mzima Sefania alimwambia mkewe kwamba ni bawasiri. Lea ndiye aliyekuwa akifua nguo, kwa hiyo ndiye aliyeiona damu kwanza, na kila alipouliza alijibiwa neno hilo hilo. Bawasiri ni ugonjwa ambao mwanamume wa makamo anaweza kuutaja bila kulazimika kueleza zaidi. Alikunywa dawa za mizizi, akaacha pilipili, akapunguza kukaa kwenye mawe yenye baridi. Damu haikukoma. Ilipofika Juni mkanda wa suruali ulikuwa umeongezewa tundu, na Lea akampigia simu binti yao wa pekee, Diana, anayeishi Dar es Salaam.

"Mama, mlete," alisema Diana. "Usimuulize. Mlete."

Sefania alikubali kwenda hospitali ya Same kwa sharti moja: awe amerudi kabla ya maji ya kwanza ya vuli.

Sharti hilo haliwezi kueleweka bila kuijua kazi yake. Bombo iko juu kwenye Upare wa Kusini, na mashamba yake ya mahindi na maharage yamebandikwa kwenye miteremko kama viraka. Maji ya kijito hayamtoshi kila mtu kwa wakati mmoja, kwa hiyo huongozwa kwa mfereji hadi kwenye ndiva, bwawa la mawe na udongo lililojengwa na watu ambao majina yao hayakumbukwi. Ndiva hujaa usiku na kufunguliwa alfajiri. Tundu la kutolea maji liko chini kabisa ya ukuta, kwa ndani, nalo huzibwa kwa kizibo cha gogo lililoviringishwa magome ya mgomba na kukandikwa udongo. Ili kukitoa, lazima mtu ashuke ndani ya maji mpaka kifuani, apapase kwa miguu, kisha azame na kuvuta.

Mtu huyo ndiye mgawa maji. Baba yake Sefania aliifanya kazi hiyo mpaka kifo chake, na Sefania, ambaye wakati huo alikuwa akichimba jasi huko Makanya, aliacha sururu akapanda mlimani kuishika. Anayefungua maji ya kwanza ya vuli ndiye anayegawa zamu mpaka msimu uishe. Akikosa kufungua, msimu unakwenda kwa mwingine, na ukoo unaoikosa kazi hiyo haujawahi kurudishiwa.

Kazi ina miiko yake. Wanawake hawaingii kwenye ndiva. Mwenye kidonda kilicho wazi haingii, wala mwenye ugonjwa unaotoa uchafu mwilini, kwa sababu maji hayo hayo mifugo huyanywa huko chini, na miezi mibaya hata watu. Sefania aliisimamia miiko hiyo bila kumpendelea mtu. Mwaka mmoja alimzuia hata Elibariki, mwenyekiti wa kamati ya maji na jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliyetaka kushuka kumsaidia kuzibua tundu.

"Jipu lenyewe liko shingoni!" Elibariki alilalamika. "Maji yananifika kifuani. Unadhani jipu litashuka kwa ngazi?"

"Panda juu, mwenyekiti. Ukipona utashuka."

"Siku ukiota wewe, nitakuja na filimbi nikutoe kama refa."

Watu walicheka, Elibariki akapanda juu. Mambo yalikuwa hivyo kwa Sefania. Watu walimwogopa kidogo, na walimwamini kabisa.

Kutoka Same alipelekwa Moshi, akapimwa kwa kamera, kikachukuliwa kinyama cha kupimwa, na majibu yalipotoka akaandikiwa rufaa ya Dar es Salaam. Ilikuwa saratani ya sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, pale karibu na njia ya haja kubwa. Aliambiwa akiwa ameketi na kofia mapajani. Aliuliza swali moja tu: inachukua muda gani?

Huko Dar es Salaam aliyemjibu alikuwa daktari wa upasuaji aitwaye Habibu, mtu mwembamba anayezungumza polepole. Aliweka picha za kipimo kwenye kioo cha kompyuta na kuzielekeza kwa kalamu iliyofungwa. Sefania aliketi mbele yake, Lea kushoto, Diana amesimama nyuma.

"Baba, uvimbe wako uko chini sana, karibu na ule msuli unaobana haja. Pia umeegemea ukuta. Nikipasua leo naweza kuacha mabaki. Kwa hiyo tunaanza na mionzi, ndipo kisu kifuate."

"Mionzi ya namna gani?" aliuliza Diana.

"Ziko namna mbili. Ya kwanza ni siku tano mfululizo, kila siku dozi kubwa, na wiki inayofuata napasua. Ya pili ni wiki tano na kidogo, kila siku ya kazi dozi ndogo, pamoja na vidonge vya saratani asubuhi na jioni. Halafu tunasubiri wiki nyingine kama nane, ndipo napasua."

"Ipi inaua ugonjwa zaidi?" Sefania aliuliza.

"Kwa upande wa kuishi, tafiti zilizozilinganisha hazijaonyesha tofauti kubwa. Ni sawa, tuseme."

"Sawa?"

"Sawa kwa kuishi. Nisikilize vizuri hapo, baba. Kwa kusinyaa si sawa. Ile ndefu inaupa uvimbe muda. Ukisinyaa ukaachana na msuli, huenda nikaweza kuunganisha utumbo, ukaendelea kwenda haja kwa njia yako. Ile fupi, nikikupasua wiki inayofuata, uvimbe utakuwa umeungua lakini bado ni mkubwa vilevile. Hapo nafasi ya kuuokoa msuli ni ndogo. Nikishindwa, natoa vyote, njia naifunga, na choo kitatokea hapa." Aligusa upande wa kushoto wa tumbo lake mwenyewe. "Kwenye mfuko. Maisha yako yote."

Aliongeza kwamba ipo na njia ya katikati: mionzi ya siku tano, kisha dawa za dripu kwa miezi kadhaa, kisha upasuaji. Nayo husinyaza, alisema, lakini ndiyo safari ndefu kuliko zote.

"Ungekuwa baba yako?" Lea aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuzungumza mle chumbani.

"Ningemwambia achukue ile ya wiki tano, mama. Ina usumbufu wake. Ngozi inaungua, tumbo linaharisha, mtu anachoka. Na siahidi kitu. Wengine wanaimaliza yote na mfuko wanaupata. Lakini kwa uvimbe ulivyokaa hapa, ningemwambia hivyo."

Walipewa siku mbili za kufikiri.

Kuhesabu miezi hakukuwa kugumu. Ilikuwa Julai inaelekea mwisho. Njia fupi ingemfikisha kwenye kisu katikati ya Agosti, na Oktoba, maji ya kwanza yanapofunguliwa, angekuwa na wiki kadhaa za kupona nyuma yake. Njia ndefu ingemweka kitandani Novemba, mahindi ya watu yakiwa yameshachipua kwa maji yaliyofunguliwa na mkono mwingine. Sefania hakuwa na mtoto wa kiume, na kaka yake alikuwa ameshafariki.

Lakini Diana anasema haikuwa miezi tu. Jioni ya kwanza, wakiwa kwenye baraza ya nyumba anayopanga Tabata, baba yake alimweleza kwa sauti ya mtu aliyeshalimaliza jambo.

"Ukifungua ndiva yote kwa pamoja, maji yanafika shamba la mwisho. Yanakwenda kwa nguvu, mchanga hauyawahi. Ukiyaachia yachuruzike kidogo kidogo, yananywewa njiani. Wa mwisho anaona tope tu."

"Baba, hii si ndiva."

"Daktari amesema mwenyewe ni sawa."

"Amesema sawa kwa kuishi. Kwa mfuko amesema si sawa."

"Amesema nafasi ni ndogo. Ndogo si sawa na hakuna."

Lea alijaribu kwa njia nyingine. "Ukipata mfuko utaingiaje kwenye maji?"

Sefania akasema, "Ndiyo maana sitaki kuchelewa," jibu ambalo halikujibu alichoulizwa. Wote wawili walijua hivyo na hawakumbana. Kwa miaka thelathini nyumba ile ilikuwa imezoea kwamba mambo ya maji huamuliwa na mtu mmoja, na sasa mwili wake ulikuwa umeingizwa humo humo.

Kosa la Sefania halikutokana na ujinga. Alimsikiliza daktari kwa makini na angeweza kurudia maneno yake. Kilichompotosha ni kanuni iliyokuwa kweli kila siku ya maisha yake, pale juu mlimani, juu ya mchanga ule. Njia ndefu haikufanya kazi kwa nguvu ya dozi. Ilifanya kazi kwa muda, na katika kazi ya Sefania muda ndio hasa unaopoteza maji.

Kwenye benchi la kusubiri mionzi alikutana na Rashidi, fundi cherehani wa Lembeni, ambaye uvimbe wake ulikaa karibu mahali pale pale. Rashidi alikuwa katika wiki yake ya tatu ya njia ndefu. Alikuwa na mto mdogo wa sponji aliojishonea mwenyewe, wenye tundu katikati, na aliukalia kila mahali bila haya.

"Wewe siku tano tu?" alisema. "Una ndugu serikalini?"

"Nina shamba."

"Mimi nina nguo za harusi za watu. Bwana harusi ameshaoa kwa suti ya kuazima."

"Na bado unakaa?"

"Mzee mwenzangu, mimi nikipata mfuko nitakaaje kwenye cherehani? Mteja anakuja kupimwa kiuno, anasikia harufu. Acha niungue."

Sefania alichorwa alama ndogo za wino nyonga zote mbili na chini ya kitovu, ili mashine imlenge mahali pale pale kila siku. Aliambiwa anywe maji kibofu kijae, alale, asitikisike. Mashine ilimzunguka ikavuma, ikanyamaza. Hakusikia maumivu yoyote. Siku ya tano alipeana mkono na wahudumu wote, akamwachia Rashidi chungwa, akatoka akitembea wima. Diana anakumbuka kwamba alionekana kama mtu aliyeshinda kesi.

Upasuaji ulichukua sehemu kubwa ya siku. Dakta Habibu alipotoka alimwita Diana pembeni. Uvimbe umetoka wote, alisema, kingo ni safi, na hiyo ni habari njema asiidharau. Msuli haukuokoka. Ulikuwa umeshikana na uvimbe, hapakuwa na pa kupitisha kisu katikati. Njia imefungwa.

"Ile ndefu ingeuokoa?" Diana aliuliza.

"Sijui. Na wewe usiseme unajua, wala usikubali yeye aseme."

Sefania alipozinduka vizuri alipeleka mkono tumboni, akaugusa mfuko, akaurudisha mkono juu ya shuka. Kesho yake alisema kwamba kiu imembana.

Mfuko ulikuwa sehemu moja tu ya hesabu iliyomharibikia. Jeraha la chini, pale njia ilipofungwa, lilikataa kupona. Nyama iliyopigwa mionzi hupona kwa uvivu, wauguzi walimweleza. Lilifunga juu, likafunguka tena, likatoa usaha, likasafishwa, likaanza upya. Septemba ilipita hivyo. Oktoba ilimkuta Tabata, amelala kwa ubavu, akisikiliza taarifa ya hali ya hewa kwenye redio ya jirani.

Maji ya kwanza ya vuli yalifunguliwa na mpwa wa Elibariki. Elibariki mwenyewe alipiga simu kuarifu.

"Shemeji yupo?" alimuuliza Lea, kwani mke wake na Sefania ni wa ukoo mmoja. Aliposikia sauti ya Sefania alikohoa. "Tumefungua leo. Kijana amekunywa maji nusu ya ndiva kabla hajakipata kizibo. Tulidhani tutamkosa."

"Amevuta kwa mkono upi?"

"Wa kulia."

"Mwambie kushoto. Kulia kuna jiwe."

"Njoo umwambie mwenyewe."

Sefania alirudisha simu kwa mkewe.

Alirudi Bombo mwezi Desemba, jeraha likiwa limebaki tundu dogo. Lea alijifunza kubadilisha mfuko, kisha akajifunza kutoubadilisha, kwa sababu Sefania hakutaka aone. Mumewe aliacha kwenda ibada kwa miezi miwili kwa kuogopa ile sauti ya tumboni inayotoka bila ruhusa watu wakiwa kimya kwenye sala. Mchungaji alipomfuata nyumbani, alimpokea uani na hakumkaribisha ndani. Ile mifuko ikichelewa kufika dukani Same, Lea alikata mifuko ya nailoni na kuifunga kwa kitambaa, na siku hizo Sefania hakula mpaka jioni.

Watu wa Bombo hawakumcheka. Walifanya jambo ambalo lilimwia gumu zaidi, walimhurumia. Elibariki alikuja kila Jumapili, akikaa kwenye kigoda na kutafuta utani usiomgusa, na kwa kuwa utani wao wote wa zamani ulikuwa wa kugusana, alikuwa na maneno machache.

Mwezi Machi walikutana tena na Rashidi, kliniki. Yeye alikuwa amepasuliwa Novemba. Uvimbe wake ulisinyaa, utumbo ukaunganishwa, na ule mfuko wa muda aliowekewa ulikuwa umeondolewa. Lea alimtazama, kisha akatazama sakafu. Rashidi, hata hivyo, alisimama muda wote waliozungumza, mgongo ukiwa ukutani karibu na mlango wa choo.

"Nimepona," alisema. "Naenda mara kumi, mara kumi na mbili kwa siku. Nikiinua mguu kukanyaga cherehani, tumbo linasema twende. Nimevaa nepi kama mjukuu wangu. Wewe angalau unajua chako kilipo. Changu hakinipi taarifa."

"Lakini una njia yako," alisema Sefania.

"Ninayo, ndiyo," Rashidi alijibu baada ya kufikiri. "Siwezi kukudanganya. Ninayo."

Ndani, Dakta Habibu alisema vipimo ni safi kwa sasa, na kwamba wataendelea kuviangalia kwa miaka. Sefania alimuuliza kama mwenye mfuko anaweza kuingia kwenye maji. Daktari alifurahi, kwa sababu ni swali la mtu anayerudi kwenye maisha.

"Kabisa, baba. Jeraha likifunga. Ukiubandika vizuri unaoga, unaogelea hata baharini."

"Sikuuliza kama ninaweza," Sefania alisema akiwa nje tayari, kwa Lea. "Niliuliza kama naruhusiwa. Hilo yeye hawezi kujua."

Kiangazi hicho kamati ya maji iliitisha msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu. Ilitangazwa kuwa ni ya kutoa tope, lakini siku yenyewe kulikuwa na saruji, bomba nene na koki ya chuma yenye usukani mwekundu. Elibariki alikuwa amezunguka kwa miezi akiomba kwa wenyeji walioko mijini, bila kumwambia jirani yake. Walitoboa ukuta kwa nje, wakalaza bomba, wakajengea, wakaacha saruji ikauke. Kisha wakatuma watu wawili kumleta Sefania.

Alikuja taratibu, amevaa koti licha ya jua.

"Geuza," Elibariki alimwambia. "Haina haja ya kushuka. Hata suruali huvui."

Sefania aliitazama koki kwa muda. Alikuwa akijua kitu ambacho wengine pale, kwa furaha yao, hawakukifikiria. Bomba na saruji vingeweza kuwekwa mwaka uliotangulia, au miaka kumi kabla. Wataalamu wa wilaya waliwahi kupendekeza, na aliyekataa alikuwa yeye, akisema ndiva hufunguliwa na mtu. Kama koki ingekuwepo Julai ile, Oktoba isingekuwa na haraka yoyote.

Aligeuza. Maji yalitoka yakiwa na rangi ya kutu, kisha yakawa meupe. Watu walipiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele wakiwa wamesimama ukingoni kabisa, mahali ambapo zamani wasingesogea.

"Umerudi kazini, mgawa maji," alisema Elibariki. "Kamati imepitisha, na mpwa wangu ameridhia." Macho yake yalikuwa na machozi.

"Nimerudi," alisema Sefania.

Vuli iliyofuata alifungua maji ya kwanza kwa koki. Alipanga zamu kama zamani, na kama zamani hakumpendelea mtu. Novemba alitakiwa kliniki kwa wiki nzima, na zamu hazisubiri. Alisafiri bila kusema nani atafungua.

Siku ya tatu, akiwa Tabata, alipiga simu nyumbani. Lea alipokea akiwa anahema; alikuwa amepanda kutoka ndiva.

"Nani amefungua leo?"

"Mimi."

"Na jana?"

"Mimi. Na juzi. Ni kugeuza tu, Baba Diana. Kama bomba la kanisani."

Diana, aliyekuwa akikatakata mchicha kando yake, alisikia redio ya jirani ikitangaza mvua za mlimani.

"Wazee walisemaje?" Sefania aliuliza. "Mwanamke kufungua?"

"Hakuna aliyeuliza," alisema Lea. "Walikuja na majembe, wakakuta maji yanakuja, wakaanza kumwagilia."

Sefania alimpa Diana simu, akaingia ndani kubadilisha mfuko.